Kuhamisha intaneti ya nyumbani: anza kabla hujalipa kodi

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, Arusha au Mwanza hulipiwa kodi ya miezi 3, 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Ukishalipa, huna tena nguvu ya kubadili mawazo ukigundua mtaa hauna faiba (waya wa intaneti unaopitisha mwanga), wala ya kumbana mwenye nyumba akuruhusu kutoboa ukuta. Kwa hiyo suala la intaneti lishughulikie siku unayokwenda kuiona nyumba.

Siku hiyo inua macho uangalie nguzo. Mitaa mingi faiba hupita juu, na pale inapogawanywa kwenda majumbani hufungwa kisanduku, mara nyingi cheusi au cha kijivu, kinachotokwa na nyaya nyembamba. Kipige picha, jina la kampuni na namba yake zisomeke. Visanduku vingi vina matundu 8 au 16 tu. Yakijaa, utasubiri hata kama nyumba iko mita 20 kutoka hapo, na ndiyo maana jibu la huduma kwa wateja kwamba "eneo lako tumefika" halitoshi. Watajie namba ya kisanduku, waulize kama kina nafasi. Kisha gonga kwa jirani: anatumia kampuni gani, ikikatika inakaa muda gani, na saa 2 hadi saa 4 usiku kasi inashukaje?

Kwa mwenye nyumba omba ruhusa ya maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha. Taja tundu moja la kama milimita 10 na njia ya waya ukutani. Kwenye ghorofa, ruhusa ya kutumia mabomba ya nyaya iko kwa msimamizi wa jengo, na huyo ndiye anayesahaulika, fundi akafika akazuiwa getini. Ulizia pia kama mpangaji aliyetoka ameacha waya. Ukiwa mzima unaweza kutumika tena, ila akaunti yake kwenye tundu la kisanduku cha nguzoni ifungwe kwanza.

Usibebe ruta, kifaa kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba, ukaichomeka tu kwenye waya utakaoukuta. Ruta ya faiba imesajiliwa kwenye mtambo wa kampuni kwa namba yake, pamoja na njia ya waya inayokwenda nyumba ya zamani. Ukiichomeka kwingine, taa ya PON, inayoonyesha kama ruta imeungana na mtambo, itapepesa bila kutulia mpaka kampuni ibadilishe usajili. Ruta ya kampuni moja kwenye waya wa kampuni nyingine ndiyo kabisa haitafanya kazi.

Ombi la kuhama litume wiki 2 au 3 kabla, upewe namba ya ombi. Uliza mambo matatu, na majibu uyapate kwa maandishi: ada ya kuhamisha ni kiasi gani, mkataba unaanza upya au unaendelea, na siku zilizobaki kwenye kifurushi zitasimamishwa au zitapotea. Kama zinapotea, panga kuhama karibu na mwisho wa kifurushi.

Siku ya kufungiwa uwepo mwenyewe. Fundi akiachwa peke yake ataweka ruta pale waya unapoingilia, kwa kawaida sebuleni kando ya mlango, na chumba cha mwisho kitakosa mtandao. Bloku za saruji na zege lenye nondo hula mawimbi ya Wi-Fi sana, hasa ya 5 GHz. Yale ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi lakini kwa kasi ndogo. Taka ruta ikae katikati ya nyumba, kimo cha mita 1.5 hivi, si nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati la chuma. Waya ukirefushwa mita chache leo, hutanunua kifaa cha kuongeza mawimbi kesho.

Msimamie pia kwenye waya wenyewe. Ndani yake kuna uzi wa kioo, hivyo kona kali au msumari uliobana hupoteza mwanga. Usikunjwe chini ya duara lenye upana wa sentimita 6. Nje ya ukuta uachwe kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani; tundu lenyewe lielekee chini kwa nje na lizibwe kwa silikoni. Pini ya kijani iingie tundu la kijani, kwa kuwa ncha yake imekatwa mshazari na haikutani sawasawa na ya bluu. Usichungulie ncha ya faiba: mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kudhuru jicho.

Kabla hujasaini fomu, mwombe fundi akuonyeshe kipimo cha mwanga unaopokelewa, kwa dBm (kizio cha nguvu ya mwanga). Kati ya -15 na -25 ni salama. Ikisoma -27, mwanga ni hafifu mno na huduma inaweza kuwaka leo na kukatika muda wowote. Asafishe pini, akague kona, ikishindikana aunge upya. Taa nyekundu ya LOS kwenye ruta maana yake mwanga haufiki au ni hafifu kupita kiasi.

Kasi ipime kwa waya wa mtandao kwenye kompyuta, Wi-Fi ije baadaye. Umelipia Mbps 50, waya ukatoa 48 na chumbani ukapata 15? Tatizo liko ndani ya nyumba. Umelipia 200 na waya umegota 94? Shuku waya huo au tundu lake, kwa sababu kasi ya zaidi ya 100 huhitaji jozi zote 4 za nyuzi za ndani zifanye kazi.

Jina la Wi-Fi na nenosiri weka yale yale ya zamani. Simu, televisheni na kamera zote zitajiunga zenyewe.

Kwa siku umeme unapokatika, nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya kuiwasha. Soma kibandiko nyuma: ruta nyingi ni volti 12, ampea 1 hadi 2, na volti zikizidi zitaiunguza. Kisanduku cha nguzoni kwa kawaida hakitumii umeme, hivyo UPS ikiwa na chaji utaendelea kupata mtandao maadamu mtambo wa kampuni unawaka.

Ruta ikitakiwa kurudishwa, irudishe pamoja na adapta yake, upewe risiti yenye namba ya kifaa. Bila risiti unaweza kudaiwa. Kampuni ikikuzungusha, lalamika kwao kwanza kwa maandishi. Wasipojibu, peleka lalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na uambatishe namba ya ombi, mazungumzo na risiti.