Kukimbilia hospitali kwa hiari: mambo ya kuzingatia kabla

Unataka kukimbia mbio ili uichangishie hospitali fedha? Viatu kwanza, tuvimalize. Usinunue vipya wiki ya mbio. Mtumba wa Memorial, soko la Moshi, unafaa kabisa, ila kabla hujalipa ikunje soli kwa mikono miwili. Gundi iliyozeeka utaiona ikiachia palepale mbele ya muuzaji, na hiyo ni afadhali kuliko iachie ukiwa kilomita ya tisa.

Jiandikishe mapema. Kilimanjaro Marathon imekuwa ikikimbiwa Moshi tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na siku hizo gesti za mjini hujaa. Ukija bila nafasi utalala kwa shemeji, upende usipende.

Chagua umbali kwa akili. Kilomita 5 zinatosha kushukuru. Hakuna mgonjwa atakayekuuliza umetumia dakika ngapi. Ukitaka kilomita 21 ujue kwamba njia inapandisha kuelekea Mweka kabla ya kukurudisha Uwanja wa Ushirika. Kilima hicho si kikali, ila hakiishi. Waliozoea barabara tambarare za Dar nimewaona wakitembea pale, mikono kiunoni. Na jua la Februari halisubiri saa sita.

Nenda hospitali kabla hujamwomba mtu hata shilingi. Usiishie kwa nesi unayemfahamu, fika ofisi ya utawala, upate barua inayosema wanahitaji nini na kama wanakubali jina lao lichapwe kwenye fulana zako. Watu huruka hatua hii kwa kuwa wana haraka ya kwenda kwa mchapaji.

Sasa ahadi. Hapa nakuomba utulie.

Mama aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Alilala wodini wiki sita, mguu umefungwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Kulikuwa na dada mmoja wa zamu ya usiku ambaye kila akipita alimwinua mama kidogo, akampangusa mgongo, akakunjua shuka lisiache mkunjo. Mama alitoka pale bila kidonda hata kimoja cha kulalia. Anayejua wodi ya mifupa anajua hilo si jambo dogo. Kwa hiyo nilipoamua kukimbia, nilijua nakimbilia nini: magodoro ya hewa, yale yenye pampu inayojaza upande huu na kupunguza ule, ili mgonjwa asikandamizwe mahali pamoja. Wodi ilisema inahitaji sita.

Nikafungua kundi la WhatsApp. Mnajua wenyewe makundi ya michango. Laki moja, laki mbili, mikono ya dua, mioyo. Mjomba mmoja aliahidi laki tatu na kuandika ujumbe mrefu kuliko wote. Jioni ya tatu nikajumlisha: 2,350,000. Asubuhi nikaenda kwa sista wa wodi, kifua mbele, nikamwambia magodoro sita yapo.

Yeye akaniamini. Kwenye maombi ya mahitaji ya wodi alikuwa ameshaandika magodoro. Akayafuta, akaweka kitu kingine.

Siku ya mbio fedha iliyokuwa mkononi ilikuwa 890,000. Mjomba alikuja, alivaa fulana, alikimbia nami hadi wapiga picha walipoishia. Baada ya hapo ikawa "mwisho wa mwezi", kisha "ada za watoto", kisha simu ikawa haipatikani. Nilipeleka magodoro mawili. Sista hakunigombeza, heri angenigombeza. Alivuta droo, akatoa karatasi yake, akakata 6 kwa kalamu nyekundu na kuandika 2 pembeni. Akasema, "Asante, mwanangu." Nyumbani Mama naye akauliza, "Sasa yale manne yamekwenda wapi?"

Kwa hiyo daftari liwe na safu mbili, ahadi na taslimu, na hospitali isisikie kabisa habari za safu ya kwanza. Mimi siku hizi ahadi naigawa kwa tatu kimyakimya kabla sijapanga chochote. Na mtu akiahidi mbele ya kikao, mfuate siku hiyohiyo, kabla hajafika nyumbani akapiga hesabu na mkewe.

Fedha isikae kwenye simu yako peke yako. Wawepo wawili wanaoona kila inayoingia, na makato ya kutoa yaandikwe, vinginevyo utaambiwa umekula. Kama unakabidhi taslimu, lipa kwa utaratibu wa hospitali na udai risiti. Bahasha iliyopita mkononi mwa mtu haina shahidi.

Siku ya kukabidhi msiingie wodini watu thelathini wenye fulana na jasho. Nendeni wanne, saa ya kuona wagonjwa, na kamera zisielekezwe vitandani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, mama yako ungependa apigwe picha akiwa na mpira wa mkojo?

Siku ya mbio paka mafuta ya mgando mapajani na kwapani. Kunywa maji kabla kiu haijafika. Usijaribu chakula kigeni usiku wa kabla ya mbio. Mtori mwepesi unatosha, bila nyama nyingi. Ukisikia kifua kinabana simama, hakuna aliyekuchangia ili ulazwe. Na kucha za miguu zikate siku chache kabla, si usiku wa kuamkia mbio.