Mlipuko sokoni: usisubiri kujua ni nini

Uko soko la Mwanjelwa, Mbeya, unachagua mitumba, ghafla kishindo na watu wanakimbia. Tairi? Bomu la machozi? Risasi? Hutajua, na kusimama kuchungulia ndiko kunakoponza wengi. Ondoka kwanza, ikiwa ni tairi, umepoteza dakika mbili tu.

Usifuate kundi kwenye kichochoro chembamba. Kata pembeni, pita nyuma ya vibanda. Ukibanwa, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi, na kandambili ikivuka iache: ukiinama huinuki.

Bati la kibanda linakuficha tu, risasi inapita. Tafuta ukuta wa zege, au upande wa injini ya gari. Ukijifungia dukani, zima sauti ya simu (hata mtetemo), kaa mbali na mlango, kisha piga 112, namba ya dharura: taja mahali kwanza, maelezo baadaye.

Jeraha linalomwaga damu, nenda kwalo ukishakuwa salama. Kunja khanga, kandamiza kwa viganja vyote viwili na uzito wa mwili, bila kufunua kuangalia. Mkono au mguu ukizidi kuvuja, funga kitambaa kipana, umbali wa sentimita 5 hivi kutoka kwenye jeraha kuelekea moyoni, si kwenye kiungo, fungia kijiti kwenye fundo, kizungushe mpaka damu ikome, andika saa uliyofunga. Kamba nyembamba hukata nyama tu.

Askari wakifika, viganja wazi, simu mfukoni.