Kubadili sabufa na amplifaya ya kiwandani kwenye pikapu: anza na futi

Kabla hujanunua chochote, laza kiti cha nyuma cha pikapu yako, chukua futi, upime. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wanaonijia wameshanunua: sabufa ya inchi 12 yenye sumaku kama sufuria, na gari lenyewe halina pa kuiweka. Pikapu ya milango minne haina buti. Ina upenyo kati ya mgongo wa kiti na ukuta wa nyuma, na uwazi chini ya kiti, ambamo tayari wanakaa jeki, spana ya magurudumu na mara nyingi hiyo sabufa ya kiwandani unayotaka kuitoa. Pima urefu, upana na kina, kiti kikiwa kimelazwa na kikiwa kimerudishwa. Angalia pia chuma cha kufungia kiti cha mtoto kilipo. Sanduku lisikizibe, wala lisikunyime jeki siku tairi ikipasuka usiku.

Sasa piga hesabu. Tuseme chini ya kiti panaingia sanduku la sentimita 80 kwa 30 kwa 13. Kwa nje hizo ni lita 31 na kidogo. Ukilitengeneza kwa MDF (mbao za unga wa mbao uliobanwa) ya milimita 18, ndani zinabaki 76.4 kwa 26.4 kwa 9.4, yaani lita 19. Zaidi ya theluthi imeliwa na mbao zenyewe, na sabufa nayo itachukua lita moja au zaidi. Kina ndicho kinachouma zaidi. Ukitoa unene wa ubao wa upande wa pili, una sentimita 11.2 kutoka uso wa sanduku, na nyuma ya sumaku unapaswa kuacha angalau sentimita moja na nusu ili hewa ipumue. Kwa hiyo unatafuta sabufa nyembamba isiyozidi sentimita 9.5 kwa kina, ya inchi 10 ikiwezekana, na karatasi yake ya vipimo iseme inaridhika na sanduku lililozibwa la lita 17 hivi. Kama inataka lita 30, iache dukani hata kama muuzaji anaapa. Ikielekezwa sakafuni, iachie sentimita 4 za wazi mbele ya koni, la sivyo itagonga zulia ikianza kucheza.

Mimi kwenye pikapu sifungi sanduku lenye tundu la hewa. Linataka nafasi ambayo haipo.

Watu huniuliza kama wanaweza kubadili spika tu na kuiacha amplifaya ya kiwandani. Jibu langu ni hapana, na sababu ni ya umeme. Amplifaya nyingi za kiwandani hazina sehemu ya kupandisha volti. Zinafanya kazi na hizo 14 zinazotoka kwenye alteneta. Kwa volti 14.4, spika ya omu 4 haiwezi kupewa zaidi ya wati 26 safi hivi, na ya omu 2 ni kama 52. Ndiyo maana kiwanda hupenda sabufa zenye omu ndogo. Ukitoa sabufa yao ya omu 2 ukaweka nzuri ya omu 4, umeikata nguvu nusu, na gari litalia chini kuliko mwanzo. Amplifaya ya dukani ina transfoma ndani inayopandisha volti, na hapo ndipo wati mia tatu au mia nne zinapopatikana kweli.

Lakini amplifaya ya zamani usiing'oe. Hiyo ndiyo inayolisha spika za milango, sauti ya simu, na kwenye magari mengi hata mlio wa kukukumbusha mkanda. Iache ilipo, uichukulie sauti ya sabufa peke yake.

Kuitafuta sauti

Fungua plagi ya sabufa ya kiwandani, weka multimita kwenye volti za AC, cheza mlio wa hezi 50 kutoka kwenye simu. Jozi ya waya inayopanda volti unapoongeza sauti ndiyo yako. Kama sabufa ina koili mbili utakuta jozi mbili, moja inatosha. Waya hizo zinaingia moja kwa moja kwenye amplifaya yenye mlango wa waya za spika, au kwanza zinapita kwenye kibadilishi kinachoshusha volti na kutoa RCA, yaani plagi za kawaida za sauti za amplifaya.

Kipimo hicho hicho kinakufichulia siri nyingine. Panda sauti hatua kwa hatua huku ukiandika volti. Kwenye magari mengi utaona volti zinapanda vizuri mpaka katikati, halafu zinagoma, wakati spika za milango zinaendelea kupanda. Hiyo ni redio inaipunguza besi kwa makusudi ili sabufa ndogo ya kiwandani isichanike. Ukifunga sabufa mpya juu ya sauti ya namna hiyo, utasikia besi tele sauti ikiwa chini, kisha inapotea pale hasa unapoitaka. Tiba yake ni kibadilishi chenye saketi ya kurudisha besi, au prosesa ya sauti.

Jambo la pili watu hawalitarajii. Pikapu kadhaa za kisasa zina maikrofoni ndogo kwenye dari zinazosikiliza ngurumo ya injini na kuifuta kwa kutoa sauti kinyume kupitia spika. Mfumo huo umepimwa kwa sabufa ya kiwandani. Ukileta yenye nguvu mara nne, unaweza kuanza kuvuma wenyewe hata redio ikiwa imezimwa. Hiyo sabufa haina ubovu. Chomoa maikrofoni hizo, au moduli ya mfumo huo kama imejitenga, uone uvumi unavyokoma.

Umeme

Toa waya wa hasi kwenye betri na usubiri dakika chache kabla ya kugusa chochote chini ya viti. Plagi za njano ni za mifuko ya hewa, usizichomoe, usizipime.

Amplifaya ya wati 400 za kweli, ya aina ya D, hupoteza kama sehemu moja kwa tano kuwa joto. Itavuta wati 500, ambazo kwa volti 13.8 ni ampea 36. Waya wa geji 4, kama milimita mraba 21, unatosha na kubaki, na sipendi kushuka chini ya hapo kwa umbali wa kutoka boneti hadi nyuma ya kiti. Uwe wa shaba tupu. Wa alumini iliyopakwa shaba hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu, na dukani huwezi kuutofautisha kwa macho. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani umejua. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, ampea 50 au 60. Kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto ukikatika na kugusa bodi, kwa hiyo fyuzi iliyofungwa karibu na amplifaya peke yake haikusaidii kitu. Unapoupitisha kwenye ukuta wa injini, tumia tundu lenye mpira, kisha uupeleke upande mmoja wa gari, waya za sauti upande mwingine.

Ethi, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, ndiyo inayowachosha mafundi kwenye pikapu. Kebini imekaa juu ya chasisi kwa mipira, haijagusana nayo chuma kwa chuma, na inategemea kamba za waya za kiwandani, nyingine nyembamba, kurudisha umeme. Kwa hiyo hata ukikwaruza rangi vizuri na kukaza bolti yako mwenyewe (si bolti ya mkanda, tafadhali), umeme bado unaweza kubanwa huko mbele. Ongeza waya mmoja wa geji 4 kutoka hasi ya betri hadi bodi ya kebini. Kama kwenye teminali ya hasi pana kisanduku kidogo cha plastiki chenye plagi, hicho ni kipimo cha chaji. Funga waya wako upande wake wa bodi, usiruke juu yake, maana kompyuta ya gari itahesabu vibaya.

Ukimaliza, pima. Besi ikipiga, multimita ikae kati ya ethi ya amplifaya na hasi ya betri. Chini ya volti 0.2 nafurahi. Ikikaribia nusu volti, rudi ukakwaruze.

Kuiweka sawa

Sabufa yenye koili mbili za omu 4, ukiziunganisha sambamba unapata omu 2. Kwa wati 400, zidisha 400 kwa 2, tafuta kipeuo cha pili: volti 28. Chomoa sabufa, zima nyongeza zote za besi na treble, weka redio robo tatu ya sauti, cheza hezi 50 iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu, kisha pandisha geini (kirekebishi cha kiwango cha sauti kwenye amplifaya) polepole mpaka multimita iliyowekwa kwenye matundu ya waya za sabufa isome 28. Acha hapo. Naitumia hezi 50 kwa sababu multimita za kawaida zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50 au 60, na huko hazidanganyi. Kitufe cha besi cha rimoti kifunge ukitaka, ila kiwe juu kabisa unapopima.

Krosova, kichujio kinachoamua sauti zipi zifike kwenye sabufa, ni hezi 80 kama sauti umeichukua kwenye waya za spika zinazopiga sauti zote. Ukiichukua kwenye chaneli ya sabufa, kiwanda kimeshaichuja. Sogeza ya amplifaya juu hadi 120 au uizime, la sivyo vichujio viwili vitakula besi ya juu ile inayobeba ngoma. Halafu cheza wimbo unaoujua, geuza swichi ya fezi kutoka 0 hadi 180, baki kwenye upande unaosikika mzito ukiwa umekaa kiti cha dereva. Kuihukumu ukiwa umeinama mlangoni hakuna maana.

Mwisho, ukuta wa nyuma wa kebini ni bati pana na utatetemeka. Bandika mikeka ya butili (mpira mzito unaonata wa kuzuia mtetemo) katikati ya bati hilo na nyuma ya plastiki, lakini chunguza kwanza: mara nyingi kuna matundu yenye vipande vya mpira vinavyofunguka kutoa hewa ukifunga mlango. Usiyazibe. Ukiyaziba, milango itakuwa migumu kufunga na vioo vitajaa ukungu.