SOMO: Jinsi ya kusaka ndoa ya kale kwenye parokia ya kijijini Uingereza

Wadau habari zenu, watu kama watatu wameniuliza inbox kuhusu hii kitu, bora niandike hapa mara moja. Mume wangu kwao ni Warwickshire, wanangu walipewa kazi shuleni ya kuchora ukoo, mama mtu nikasema nisaidie kidogo, sasa huu mwaka wa pili bado nimezama kwenye madaftari ya makanisa na chai inapoa mezani.

Kwanza, anza na walio karibu. Usikimbilie miaka ya 1600. Serikali ilianza kusajili ndoa England na Wales tarehe 1 Julai 1837, na cheti cha kuanzia hapo kina jina la baba wa bwana harusi, baba wa bibi harusi na kazi zao. Majina ya mama yameanza kuwekwa Mei 2021, yaani zaidi ya miaka 180 mama hahesabiki, hapo mi nilinuna kabisa. Huyo baba kwenye cheti ndo ngazi yako ya kupandia kizazi cha juu.

Pili, tafuta parokia, sio kijiji. Parokia moja inabeba vitongoji kadhaa, na mara nyingi ndoa ilifungwa kwa kina bibi harusi, so ukimkosa kwa bwana angalia parokia jirani, zile za kutembea kwa mguu. Tovuti za FreeREG na FamilySearch ni bure, ila jina ulilolikuta kwenye indeksi (orodha ya majina ya kutafutia) kalinakili binadamu, akikosea yeye na wewe umekosea, kwa hiyo tafuta ukurasa wenyewe kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti.

Tatu, jua mwaka gani unategemea nini. 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Ya mwanzo mengi yalikuwa karatasi, mwaka 1598 wakaambiwa wanakili kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558 alipoingia Malkia Elizabeth I, ndo maana rejista nyingi zinaanzia 1558. Na kila mwaka nakala ikawa inaenda kwa askofu, hiyo nakala ikumbuke, utaihitaji rejista yenyewe ikikosekana. 1653 mpaka 1660 ndoa zilihamishiwa kwa mahakimu, ukikuta pengo hapo usijilaumu. Halafu 25 Machi 1754 ikaanza sheria ya Lord Hardwicke, ndoa itangazwe Jumapili tatu (kama makanisani kwetu mpaka leo) au iwe na leseni, na maharusi wasaini pamoja na mashahidi wawili. Mashahidi wasome vizuri, mara nyingi ni ndugu, ila jina likijirudia kila ndoa basi ujue huyo ni karani wa kanisa tu.

Nne, ukikosa ndoa fuata karatasi za pembeni. Mfano mzuri ni Shakespeare mwenyewe. Ndoa yake haijaonekana kwenye rejista yoyote iliyobaki! Kilichopo ni cha ofisi ya askofu wa Worcester, tarehe 27 Novemba 1582 karani kaandika leseni ya William na Anne Whateley wa Temple Grafton, kijiji kidogo magharibi ya Stratford, mji wa kwao Shakespeare, kesho yake wakulima wawili wakaweka dhamana ya pauni 40 na hapo bibi harusi ni Anne Hathaway wa Stratford. Watu wamejenga hadithi ya wachumba wawili, mi naona karani kachanganya jina basi. Haraka yenyewe inaeleweka, kipindi cha Majilio kilikuwa kinakaribia na matangazo ya ndoa yangesimama, leseni ikawaruhusu watangazwe mara moja tu, na mtoto wao Susanna kabatizwa 26 Mei 1583. Hesabu mwenyewe.

MASWALI

Mtoto_wa_Makunduchi: Dada mi nimekuta mtoto kabatizwa Juni 1720 na wazazi wameoana Februari 1720, si sawa tu hapo?

Hapana mpenzi, kabla ya 1752 mwaka wao ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1720 inakuja BAADA ya Juni 1720, kwetu sisi hiyo ni Februari 1721. Mtoto alitangulia harusi.

Fundi Saa: Babu wa mke wangu kaweka X badala ya sahihi, ina maana hakusoma?

Mara nyingi ndio, ila kuna waliojua kusoma bila kujua kuandika, kusoma kulifundishwa kwanza. Angalia ndoa za ndugu zake, wakati mwingine huyohuyo kasaini jina kama shahidi miaka ya mbele.

bintikigoma: Na kama ukoo ulikuwa Wakatoliki?

Kati ya 1754 na 1837 walioachwa na ile sheria ya Hardwicke ni Wakweka (Quakers, dhehebu la Kikristo) na Wayahudi tu, Mkatoliki ili ndoa itambulike ilibidi afunge Anglikana. So usiruke rejista ya kanisa la kijiji, watafute humohumo.

Fundi Saa: Jina letu lina herufi moja tofauti kwenye kila karatasi, nichukue lipi?

Yote. Kwenye ile dhamana Shakespeare kaandikwa Shagspere.