Somo: namna ya kufanya wapya wanyamavu waongee kwenye grupu ya kuuza (musiniulize tena inboksi)

Bandugu, wiki hii peke yake maadmini watatu wameniandikia swali lile lile, "yaya (dada mkubwa), grupu yako inaongea, yangu tuko watu mia tatu na ni mimi tu niko napiga kelele, unafanyaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakurudisha hapa.

Kwa wale hawanijui: niko nauza vitenge na fromaje ya Masisi kwa WhatsApp, hapa Goma, grupu tulianza mbele ya volkano ya 2021, leo tuko karibu 600.

Hatua ya 1. Kanuni ziwe fupi, kwenye maelezo ya grupu. Hakuna siasa, hakuna "tuma kwa watu 10". Na kulipa ni ukipokea, M-Pesa ao Airtel Money, motari (mwenye kuleta mzigo na pikipiki) akiwa mbele yako, juu mpya anaogopa kuibiwa kuliko kitu kingine.

Hatua ya 2. Fungua grupu, wote waweze kuandika. Usicheke, kuko mtu alikuja kunililia wapya wake hawaongei, kumbe aliweka admini peke yake ndiye atume.

Hatua ya 3. Beyi iandikwe chini ya foto. Hii tabia ya "beyi inboksi" ndiyo inaua grupu nyingi hapa mjini. Mpya anaona kitenge, anataka kujua kama ni cha dola 15 ao 40, kuuliza mbele ya watu 600 anaona kama anatangaza mufuko wake, kukufuata inboksi anaogopa utamushika usimuache, basi anapita.

Hatua ya 4. Foto tatu, inatosha. Mtu wa mega za siku (intaneti ya kununua siku kwa siku) hafungui foto 25 na video mbili, huyo si mnyamavu, mega zimeisha. Mufundishe azime ile ya foto kujipakua zenyewe, iko kwenye seting, upande wa hifadhi na data.

Hatua ya 5. Akiingia, muulize kitu kidogo ambacho jibu analo tayari mdomoni. Si "karibu jitambulishe", hiyo ni kusimamisha mgeni kanisani. Mimi naandika: "Karibu mama, uko upande gani, Himbi ao Ndosho? Motari wetu anapita Ndosho siku ya tano." Anajibu neno moja. Neno la pili halimusumbui tena.

Hatua ya 6. USITAJE WANYAMAVU MBELE YA WATU. Hapa nilianguka mimi mwenyewe, kwa hiyo soma polepole. Mwaka 2022 nilikuwa na hasira, naweka mizigo, kimya, naweka tena, kimya. Mnajua ukibonyeza mesaji yako kwenye grupu na kuishikilia, ukifungua maelezo yake unaona nani ameisoma? Nikapiga kapture (picha ya skrini) ya yale majina, nikaituma pale pale: "Hawa wote wanasoma na hawaongei, wiki ijayo natoa." Nikalala vizuri kabisa. Asubuhi watu 40 na kitu wameondoka, na kati yao kuko mama mmoja wa Katindo ambaye kila mwisho wa mwezi alikuwa anatuma mutoto nyumbani kwangu kuchukua piesi mbili za yadi 6, pesa mkononi, bila kuandika hata "ok" kwenye grupu. Sikuwa nimewahi kuunganisha ile namba na ule mutoto. Nikaenda kwake kuomba samahani, nikamuuliza juu ya nini ameondoka, akanitazama: "Mwanangu, mimi natazama duka. Wewe unafukuzaka watu wanatazama duka?" Kumbe haandiki. Mujukuu ndiye anamusomea, na odio anasikiliza mwenyewe usiku akimaliza kuosha vyombo.

Kwa hiyo: usitishe kutoa watu, usitume kapture ya majina, usimutag mtu "mbona kimya", hata kwa kucheka. Yule unamutania ni mmoja, lakini wenye wanasoma na kujisemea "kesho ni mimi" ni mia.

Hatua ya 7. Odio, na kwa Kiswahili. Grupu ikijaa Kifaransa cha ofisi, nusu ya watu wanaogopa kukosea. Yule mama nilimurudisha, nikamuomba kwa inboksi atuambie anajuaje kitenge cha waksi ya kweli. Sekunde 11: "Pindua. Mgongo ukiwa umepauka kuliko uso, hiyo wamechapa upande mmoja tu." Ile siku watu walianza kumuuliza maswali, wengine sikujua kama wako hai.

Hatua ya 8. Mesaji ya kwanza ya mpya, ijibu haraka, na usimusahihishe namna ameandika.

Ni hayo. Maswali hapa chini.

Kijana_Birere: Somo ni ndefu sijamaliza, kwa kifupi wanyamavu niwatoe ao niwaache?
Mwandishi: Hatua ya 6.
Kijana_Birere: Lakini yaya WhatsApp inakubali watu 1024 tu, nafasi itaisha
Mwandishi: Uko na wangapi?
Kijana_Birere: 87
Mwandishi: Soma hatua ya 6.

Papa_Mauzo: Dada, unabembeleza watu kama watoto. Biashara ni biashara, anayetaka ataongea.
Mwandishi: Papa, kwa heshima, piesi mbili kila mwezi zilitoka mlangoni kwangu juu ya mdomo wangu. Hiyo nayo ni biashara. Grupu yako endesha unavyotaka, sikukuita.

Mama_Keshero: Aksanti kwa somo. Nauliza, namna gani kutofautisha mwenye anasoma kimya na mwenye alishaenda zake?
Mwandishi: Swali zuri mama. Ni kule kule kwenye maelezo ya mesaji, lakini angalia kwa ajili yako, usitume. Kwenye grupu hata mwenye alizima zile alama za bluu anaonekana amesoma. Kama mesaji za wiki tatu hazimufikii kabisa, pengine alibadilisha namba, muulizie kwa mwenye alimuleta. Kama anasoma, muache atazame duka. Na usijilaumu, Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanatumia intaneti, aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jamii nyingi za intaneti watu 90 kwa 100 wanasoma tu, 9 wanaongea mara moja moja, 1 ndiye anaongea karibu yote. Mimi sitafuti wote 90 waongee. Natafuta wasione haya siku wanataka kuuliza.
Mama_Keshero: Kumbe! Mimi nilifikiri ni mimi tu sipendwi 😂

Fundi_Ndosho: Nje ya somo kidogo, vitenge vyangu kwa foto vinatoka vimepauka, simu ni mpya
Mwandishi: Unapigia wapi?
Fundi_Ndosho: Ukutani nje, mawe ya volkano
Mwandishi: Ndiyo hiyo. Simu inaona nyeusi nyingi, inafikiri kuko giza, inaongeza mwanga, kitenge kinapauka. Tandika juu ya mukeka ao kitanda karibu na mlango, asubuhi, bila flashi. Na pindua kona moja mgongo uonekane, yule mama alitufundisha.
Fundi_Ndosho: Nimejaribu sasa hivi. Rangi imerudi!!

Bukavu_Nyawera: Yaya ile fromaje inafika Bukavu?
Mwandishi: Inafika, na boti. Funga na karatasi, si sasheti ya plastiki, ikikosa hewa inatoa maji.
Bukavu_Nyawera: Sawa. Beyi nikuje inboksi?
Mwandishi: Hapana, hapa hapa. Dola 6 kimoja.