Benz W124 iwe ya kisasa bila kuiharibu, hatua kwa hatua

Wakuu, leo naandika kuhusu W124, hasa 200E, 230E, 260E na 300E, zile za kuanzia 1985 mpaka kama 1992 zenye injekta za KE-Jetronic (mfumo wa Bosch wa kupuliza mafuta kwenye injini), maana ndo nyingi zilizobaki huku mitaani na ndo zinaharibiwa zaidi na watu wanaotaka kuzifanya "za kisasa". Mi ni fundi umeme wa magari, kwaiyo utaona nimekaa sana kwenye waya, mnivumilie. Msimamo wangu ni mmoja tu: kila unachoongeza kiwe kinaweza kutolewa na gari ikarudi ilivyotoka kiwandani. Ukishakata dashibodi au waya original hapo ushapunguza thamani, hata kama Instagram imependeza.

Na sipingi kuweka injini ya 1JZ ya Toyota Mark II humo ndani, kuna watu wamefanya na inatembea, ila hiyo ni kazi nyingine kabisa na siigusi hapa.

Hatua ya kwanza: jua una gari gani

Soma chesisi namba. Inaanza WDB124 alafu tarakimu tatu: 021 ni 200E, 023 ni 230E, 026 ni 260E, 030 ni 300E. Tarakimu inayofuata ikiwa 2 ujue imezaliwa usukani kulia, ikiwa 1 ni ya kushoto, sasa kama ni 1 na usukani uko kulia basi kuna mtu alihamisha, muulize muuzaji vizuri kabla hujatoa hela. Kama unayo ya 1993 mpaka 1995 fungua boneti ushike waya za injini, zile za miaka hiyo ganda lake linakauka na kumeguka lenyewe, ukikuta hivyo usifanye kitu kingine chochote mpaka ubadilishe haness (fungu lote la waya) nzima ya injini.

Hatua ya pili: umeme uwe safi kabla ya kuongeza kitu

Hapa ndo watu wanaruka, alafu wanakuja kulalamika redio inakoroma na taa zinapepesa. Chukua mita ya dijitali. Gari ikiwa imezimwa na imepumzika betri isome kama volti 12.6, injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo usikimbilie kununua alteneta, nyuma ya alteneta ya Bosch kuna regyuleta yenye kaboni imeshikwa na skrubu mbili tu, itoe uangalie kaboni, mara nyingi zimeisha, ni kitu cha bei ndogo.

Alafu pima ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Waya mweusi wa mita weka kwenye hasi ya betri, mwekundu weka kwenye bloku ya injini, mwambie mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti basi ethi ya injini kwenda bodi imechoka au imeshika kutu, badilisha au isugue mpaka chuma king'ae. Huku Dar na Mombasa chumvi ya bahari inakula hizi ethi vibaya sana.

Kingine ni rilei ya OVP, inayokinga vifaa umeme ukizidi, iko nyuma ya betri, ina fyuzi ndogo nyekundu ya ampea 10 juu yake (nyingine zina mbili). Hii ikiwa mbovu taa ya ABS inawaka, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, gari inakosa nguvu, na fundi asiyeijua atakwambia "hii mfumo mgumu, tuweke kabureta". Usikubali. Badilisha OVP kwanza, alafu kagua mipira ya vakyumu na sili za injekta kama zinavuta hewa, KE nyingi zinatulia hapo hapo. Na hosi za mafuta usiweke zile za kabureta, mfumo huu unasukuma zaidi ya baa 5, hosi laini itapasuka juu ya injini ya moto na unajua kitakachofuata.

Hatua ya tatu: joto

Thamostati ya digrii 87 ibaki, usiitoe kabisa kama mafundi wengi wanavyofanya. Rejeta za hizi gari zina matenki ya plastiki, shingo ya hosi ya juu inazeeka na kukatika ghafla, ukiona imebadilika rangi au ina ufa badilisha. Weka kulanti ya kweli, sio maji ya bomba, kichwa cha silinda ni aluminiamu. Feni ya kati kwenye 260E na 300E ina klachi ya mafuta ndani, injini ikiwa ya moto na umeizima feni isizunguke bure bure ukiisukuma kwa kidole, ikizunguka raundi kadhaa imekufa.

Hatua ya nne: AC

Gari za mwanzo zilikuja na gesi ya R12 ambayo ilipigwa marufuku kwa sababu ya ozoni. Kuhamia R134a sio kujaza tu gesi mpya juu ya ya zamani. Mfumo uoshwe oili ya zamani itoke, oringi zote zibadilishwe ziwe za R134a, draya mpya, oili ya esta, vakyumu ivutwe angalau nusu saa, alafu gesi ijazwe kidogo pungufu ya kipimo cha zamani, kama asilimia 80 mpaka 90. Hakikisha feni za umeme za mbele ya kondensa zinawaka AC ikibanwa, bila hizo kwenye foleni ya Ubungo utapata upepo wa vuguvugu tu.

Hatua ya tano: redio, simu na kamera

Nafasi ya redio ni DIN moja, yaani saizi ile ya redio nyembamba ya kawaida. Skrini kubwa ya Android haiingii bila kukata mbao na plastiki za kati, kwaiyo mi siiweki, hata mteja akibembeleza. Zipo redio za DIN moja zenye sura ya zamani, taa za rangi ya chungwa zinazolingana na dashibodi, ndani zina Bluetooth na USB. Tumia adapta ya soketi ya ISO, usikate soketi original. Waya wa bluu wa redio ndo unapandisha antena ya umeme kule nyuma, usiuache unaning'inia.

Spika za mbele zimekaa juu ya dashi kwenye pembe, ni ndogo, nunua nzuri za sentimita 10 na uishie hapo. Kama unataka besi weka sabufa yenye amplifaya yake kwenye buti, waya wake utoke moja kwa moja betri na fyuzi iwe karibu na betri, sio karibu na amplifaya. Fyuzi inalinda waya. USB ya kuchajia naificha ndani ya trei ya jivu, ukifunga hakuna anayejua. Kamera ya rivasi chukua umeme kwenye taa ya rivasi, na skrini yake iwe ile inayovikwa juu ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma.

Hatua ya sita: rimoti ya milango

W124 inafunga milango kwa vakyumu, pampu yake iko chini ya siti ya nyuma. Mafundi wanang'oa mfumo wote na kuweka mota nne za Kichina, kazi bure na kelele. Njia rahisi: weka mota moja tu kwenye mlango wa dereva, iunge na kile kifimbo cha loki, rimoti ikivuta kifimbo pampu inafuata yenyewe na milango mingine, buti na mfuniko wa tenki vinafunga. Kama kuna mlango haufuati basi kuna mpira wa vakyumu umetoboka, tafuta huko.

Hatua ya saba: taa

Balbu za LED ndani ya taa zilizotengenezwa kwa balbu za halojeni za H4 zinatawanya mwanga na kumpofusha wa mbele, na kwenye dashibodi ile taa ya "balbu imeungua" itawaka muda wote maana LED inavuta umeme kidogo. Bora uweke H4 nzuri ya wati 60/55, ung'arishe vioo, alafu pima volti nyuma ya balbu ikiwaka. Ikiwa ni 11 na betri ni 13.8 unapoteza mwanga mwingi njiani, weka rilei mbili na waya nene kutoka betri. Tofauti utaiona usiku wa kwanza tu.

Hatua ya nane: rimu na kimo

Hapa vijana ndo wanapapenda. Matundu ya bolti ni 5x112 (matano kwenye duara la milimita 112), tundu la katikati milimita 66.6, bolti M12x1.5. Angalia sana kichwa cha bolti: rimu original za Mercedes zinashikwa na bolti yenye mviringo, rimu nyingi za nje zinataka ya koni, ukichanganya zinalegea ukiwa barabarani. Tairi za kiwandani ni 195/65 R15. Mi napendelea rimu za inchi 16 za W210, 7.5J (upana wa inchi 7.5) ofseti 41, na tairi 205/55 R16, kipenyo kinatofautiana na original kwa chini ya milimita 3 hivyo spidomita haidanganyi, na saizi hiyo inapatikana kila duka. Inchi 18 inapendeza ikiwa imepaki, matuta ya kwetu yataimaliza wiki ya kwanza.

Kushusha gari usikate springi. Juu ya kila springi kuna mpira wenye vinundu, kimoja mpaka vinne, vinundu vichache kimo kinashuka, ni vya kiwandani na vya bei rahisi. Ila springi za mbele zimebanwa kwa nguvu kubwa sana, zinatolewa kwa kifaa maalum cha kubania kinachoingia ndani ya springi, sio kwa jeki na kamba.

Hatua ya tisa: ndani na rangi

Mbao za zebrano, ambazo mti wake unatoka misitu ya Gabon na Cameroon, vanishi yake inapasuka na jua. Toa vipande, kwangua vanishi ya zamani taratibu, msasa namba 400 kisha 800 kwa mkono, usitumie mashine maana ubao wenyewe ni utando mwembamba mno, ukipenya hamna pa kurudi. Piga kliya ya 2K (ile inayochanganywa na kigumishi) tabaka kadhaa.

Rangi, namba yake iko kwenye kibati chini ya boneti: 040 ni nyeusi, 199 ni bluu-nyeusi, 147 ni nyeupe, 904 ni bluu ya usiku. Kabla ya puti toa vizibo vya sehemu za jeki uchungulie kutu, inaanzia humo. Na ukibadili rangi nenda TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) wabadilishe kwenye kadi ya gari mapema, usisubiri trafiki akukumbushe.