Huyo mama anataka nini? Kunadi wazo la filamu kwa maneno machache

Mara ya kwanza kunadi wazo langu la filamu, ya mama mmoja mkalimani wa mahakama, niliongea dakika 20 nzima. Prodyuza alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza: "Sasa huyo mama anataka nini?" Nikabaki natumbua macho. Nilikuwa nimeeleza mada, mandhari, hadi muziki, ila hadithi yenyewe sikuigusa.

Siku hizi naanza na sentensi moja, isizidi maneno 35 hivi: nani, anataka nini, kipi kinamkwamisha, akishindwa atapoteza nini. Nilipoketi kuandika upya nilianza na "Filamu kuhusu haki, kisasi na nguvu ya lugha." Filamu ngapi hazina hayo? Nikafuta. "Mkalimani wa mahakama anakutana na mtu aliyemuua mumewe." Afadhali, lakini mama bado amekaa tu. Ikabidi nimbane:

"Mkalimani wa mahakama anatambua kuwa mshtakiwa wa wizi anayemtafsiria ndiye aliyemuua mumewe, akitafsiri kwa uaminifu, jamaa ataachiwa, akipindisha neno moja tu, atafungwa, na ukumbini hakuna mwingine anayeijua lugha hiyo."

Maneno 29. Sikumpa jina, kwa sababu jina halimwambii prodyuza chochote; kazi yake ndiyo inayomweleza.

Chini ya sentensi hiyo weka aya mbili tatu za hadithi, kwa wakati uliopo, na mwisho wake uutaje. Wengi huuficha eti kuleta hamu. Hayo ni mambo ya bango; anayetafuta wa kumpa fedha hataki mafumbo. Kisha sema kwa nini wewe: mimi huandika tu kwamba nimefanya ukalimani miaka 6. Na kama kuna unafuu wa gharama, utaje. Yangu karibu yote inachezwa ndani ya ukumbi mmoja, na hapo ndipo prodyuza huinua kichwa. "Itapendwa na rika zote" usiandike, tafadhali.

Ukimaliza, msomee mtu asiye na habari na filamu, halafu kesho yake mwombe akusimulie. Alichosahau, kifute. Dada yangu nilipomuuliza alisema, "Si ile ya mama wa neno moja?" Jina nililokuwa nimeipa filamu, refu kama treni, nikalitupa palepale.